Nchi Ambako Tope Halina Nyumba

Wazazi wenzangu, njia ya kwenda Utenga siielezi. Nikiieleza kuna watakaoifuata, na mimi nimekaa kuandika ili msiifuate. Mjue tu kwamba nchi ipo, ina mvua nyingi na vilima vyekundu, na kwamba nilikwenda kwa miguu yangu nikampeleka mwanangu kwa mkono wangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Mimi ni mfinyanzi. Natengeneza vyungu na majiko ya udongo, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mwanangu Mwantumu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Ni mtoto wa maswali. Atakuuliza kwa nini chungu kikipasuka huanzia shingoni, na kabla hujamaliza kujibu ameshauliza kama shingo ya mtu nayo ina udhaifu huo, na nani alitangulia kupaita pale shingo. Mwalimu wake wa hapa nyumbani alikuwa ananiandikia barua: mtoto anachanganya masomo. Nikaona aibu. Nikasikia kwamba Utenga kuna wataalamu wanaojua jambo mpaka mwisho wake, watu ambao nchi nyingine huwatuma wajumbe kwenda kuwauliza. Nikasema, huko watamnyoosha. Neno hilo, kumnyoosha, nililisema mimi mwenyewe.

Kitu cha kwanza utakachokiona Utenga ni tope. Liko kila barabara, mpaka kifundo cha mguu, na sokoni mpaka nusu ya goti. Watu waliovaa vizuri, vitabu kwapani, wanapita wamekunja suruali kana kwamba ndivyo dunia ilivyoumbwa. Tulifika kwa msajili wa shule, Bwana Mwinjaka, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniuliza habari za safari.

"Njema, baba," nikasema, "isipokuwa hilo tope."

Akatikisa mkono wa kushoto. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amefunga kikengele kidogo cha shaba, kikalia, na makarani wote wakageuka.

"Samahani sana, mama. Wewe mgeni, hujakosea," akasema. "Mtu akitoka nje ya mlango wake wa elimu, tunamtikisia. Mimi ni wa Nyumba ya Lugha, kazi yangu ni majina. Tope si langu."

"Basi ni la nani?"

Akapangusa miwani yake kwa muda mrefu. Nyumba ya Maji, akanieleza, wanasema lile si maji kwa sababu lina udongo. Nyumba ya Udongo wanasema si udongo kwa sababu lina maji. Shauri lina miaka sitini na mbili mbele ya Baraza. Na kulizoa hakuwezekani, maana atakayelizoa atakuwa amekiri kwamba ni lake.

"Mke wangu ni wa Maji," akasema akishusha sauti, "na shemeji yangu ni wa Udongo. Mvua ikinyesha hatualikani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumba zenyewe ni nane: Maji, Udongo, Mimea, Mwili, Hesabu, Mambo ya Kale, Lugha na Sheria. Kila moja ina ukuta wake na mlango mmoja. Mtoto akiingia katika mlango wake, basi humo ndimo atakamojua. Nilimuuliza Bwana Mwinjaka kwa nini kuta, naye akanijibu vizuri, sitamdhulumu. Zamani, akasema, Utenga ilikuwa na watu wanaojifanya kujua kila kitu. Mtu mmoja asubuhi anatibu macho, mchana anahukumu kesi za mashamba, jioni anatabiri mvua, na kote huko anadanganya. Watoto walikufa kwa dawa za wasemaji. Ndipo waliotangulia wakajenga kuta, ili kila mtu aseme analolijua na anyamaze penginepo. "Huu ni ukuta wa ukweli, mama," akasema. Nami niliamini. Hata leo siwezi kusema hakuwa na hoja.

Kuandikishwa ni hivi. Mtoto anaulizwa atoe swali moja, lolote. Mwantumu akaangalia dirishani. Juu ya bweni la wanafunzi kulikuwa na kilima.

"Kwa nini mlima ule ni mwekundu," akauliza, "na kwa nini miti yake imeinama kama watu wanaosikiliza kitu?"

Karani akaliandika kwenye ukanda wa karatasi, akachukua mkasi. "Mlima mwekundu" akaupeleka kisanduku cha Udongo. "Miti" ikaenda Mimea. "Kama watu wanaosikiliza" akasitasita nayo, mwisho akaikata tena, nusu kwa Lugha nusu kwa Mwili. Mkononi mwake yakabaki maneno "kwa nini," vipande viwili. Akavitupa kwenye kapu la takataka.

"Hivyo mbona mnatupa?" Mwantumu akauliza.

"Havina nyumba," karani akasema.

Kisha wakamweka Nyumba ya Maji, ambayo hakuwa ameiuliza kabisa, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kitanda. Nikatia dole gumba na sahihi yangu. Nikasomewa sheria: mzazi aliyekabidhi mtoto ataonana naye dirishani kila Jumapili. Akitaka kumtoa, alete barua ya nyumba mojawapo inayoeleza sababu, na sababu hiyo iwe ndani ya mlango wa nyumba hiyo. Nilisikia vizuri. Niliona ni utaratibu tu.

Nilipaswa kurudi nyumbani siku ile ile. Nilishindwa. Nikajisemea nitakaa mpaka azoee, nikapanga kwa mpishi wa bweni, Bi Kidawa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Yeye ni miongoni mwa wale wanaoitwa wasio na mlango. Hao ndio wapishi, wafuaji, wakunga na wafagiaji wa Utenga. Hawafungwi kikengele, lakini pia maneno yao hayaandikwi popote.

"Mimi nikipika maharage tu," aliniambia, "nimeshapita maji, mimea, hesabu na tumbo la mtu. Wakinifunga kile kidude si nitalia kama mbuzi kutwa nzima?"

Jumapili ya kwanza Mwantumu alinisimulia vitu mpaka pumzi ikamwisha. Jumapili ya pili alisimulia mvua peke yake: matone, vipimo, mawingu. Alijua mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria, nikajivuna. Jumapili ya tatu nikamuuliza kama anashiba.

"Chakula si cha mlango wangu, mama," akasema.

"Mwantumu. Nimekuuliza kama unashiba."

Akatazama nyuma yake. Kwenye mkono wake mwembamba kilikuwepo kikengele kipya. "Maji ya kunywa yanatosha," akasema.

Usiku ule sikupata usingizi, na wiki iliyofuata mvua haikukatika.

Jumanne Bi Kidawa alirudi kutoka bwenini ameshika bega. "Mlango wa bweni umekwama," akasema. "Nimeusukuma kwa bega mpaka limeniuma. Mlango wa miaka kumi, leo hautoshi kwenye fremu yake." Jumatano akasema chemchemi iliyo nyuma ya jiko, ambayo siku zote ni nyeupe kama macho ya mtoto, imetoka nyekundu. Nikajitanda kanga nikaenda kuangalia mwenyewe.

Nawaambia nilichokiona, na nyinyi wenye kujenga mtaelewa. Juu ya bweni, ardhi ilikuwa imechanika mstari uliopinda kama tabasamu, urefu wa nyumba nne. Nikaingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko. Miti chini ya ufa ilikuwa imelalia upande wa bweni, si kwa upepo. Nikachota udongo, nikauminya. Maji yakatoka, na nilipofungua kiganja hakukuwa na umbo lolote, uji tu. Mfinyanzi akiweka maji kupita kiasi chungu hakipasuki. Kinakaa chini taratibu, ubavu mmoja unatangulia. Niliuona mlima ule unavyotaka kukaa chini. Na pale utakapokaa palikuwa na vitanda.

Nikaenda kuomba barua ya kumtoa mwanangu.

Nyumba ya Maji wakanipokea kwa heshima, wakanionyesha daftari lao: mvua ya mwezi ule ilizidi ya miaka arobaini yote. "Basi mlima utaanguka," nikasema. Kikengele. Mlima si wao. Nyumba ya Udongo wakaniambia udongo ule umelalia mwamba laini ulioinama, na ukilowa huteleza. "Umelowa," nikasema. Kikengele. Kulowa si kwao. Nyumba ya Mimea: misitu ya juu ilikatwa miaka sita iliyopita, mizizi iliyokuwa inashika imeshaoza. Mambo ya Kale: mlima ule umeshuka mara mbili, mara ya mwisho mwezi kama huu, na yule mzee alinisomea majina ya waliofukiwa, moja baada ya jingine, kwa sauti nzuri kabisa. Nikamwambia, baba, hapo chini sasa hivi kuna watoto. Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Mimi ni wa waliokwisha kufa, mama. Walio hai si wangu."

Nilikuwa nimelowa chapachapa, tope mpaka mapajani, na kila nyumba waliniambia ukweli. Hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Laiti wangekuwa waongo.

Ijumaa, baada ya kulia mbele ya Bwana Mwinjaka mpaka akashindwa kuandika, nilipewa nafasi Barazani. Wakuu wa nyumba nane huketi duara, lakini migongo ndani na nyuso nje, kila mmoja akitazama dirisha lake. Nilisimama katikati nikiviambia visogo kwamba mlima unataka kukaa chini.

Mmoja mmoja wakasema niliyokwisha kuyasikia. Mvua imezidi. Udongo ule huteleza. Mizizi imeoza. Umeshawahi kushuka. Mkuu wa Hesabu akaongeza kwamba bweni lina watoto mia mbili na kumi na wawili. Mkuu wa Mwili akasema mtu aliyefukiwa huishi dakika chache. Wa Lugha akasema neno nililotumia, "kukaa chini," halifai kwa mlima.

"Na Sheria?" nikauliza.

"Bweni linaweza kuhamwa wakati wowote," mkuu wa Sheria akasema, "kwa amri ya nyumba iliyothibitisha hatari."

"Nani anathibitisha hatari?"

Mvua inapiga paa.

"Hatari," akasema polepole, "haina nyumba."

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi ni mama wa darasa la saba. Nimesimama hapa nimewasikia watu sita mkisema mlima unaanguka juu ya watoto. Hakuna kati yenu aliyesikia?"

Vikengele vyote vinane vikalia kwa pamoja. Sitasahau sauti ile. Lakini nilimwona mkuu wa Maji amegeuza kichwa kidogo, kidogo tu, kutaka kumtazama mwenzake wa Udongo. Kisha akakirudisha dirishani.

Bwana Mwinjaka akanifuata mlangoni akaninong'oneza. Ipo nyumba ya tisa, akasema, mpya, haijazoeleka. Nyumba ya Kuunganisha. Ilianzishwa kwa sababu ya malalamiko kama yangu. Moyo wangu uliruka. Nilikimbia njia nzima, nikianguka na kuinuka, maana walikuwa wameijenga nje ya mji kwa kukosa mahali pa kuiweka.

Mkuu wake, Profesa Arafa, alinikumbatia na tope langu. Ni mama mwenye uso mwema. Ukutani kwake kulikuwa na picha za duara zinazoingiliana, nyingi, za rangi. "Karibu sana, mama yangu," akasema. "Wewe hasa ndiye tuliyekuwa tunakungoja. Sisi tunaamini elimu ni moja, na hizi kuta ni za watu tu."

"Ahsante Mungu," nikasema. "Mlima ulioko juu ya bweni..."

Kikengele. Nilidhani nimesikia vibaya. Kilikuwa mkononi kwake, cha fedha.

"Hapa hatusemi mlima," akasema kwa upole. "Wala maji wala udongo. Hivyo vina nyumba zake, tukivigusa watatufungia. Sisi tuna kuunganisha kwenyewe. Sasa hivi tunatafuta maana yake. Wanafunzi wetu wako mwaka wa nne."

"Wanaunganisha nini na nini?"

"Swali zuri mno hilo," akasema, akaliandika. "Ningependa uje kuliwasilisha kwenye kongamano. Ni mwezi ujao, wiki ya tatu."

Wazazi wenzangu, nilitamani kumpiga yule mama. Nikamwuliza tu kama ana mtoto. Akasema anaye mmoja. Yuko bwenini, Nyumba ya Hesabu. Tukatazamana. Nikaona jambo linapita machoni pake, na nikaona anavyolirudisha. "Wiki ya tatu," akasema tena.

Jumamosi nilijaribu kuruka ukuta wa bweni nikatolewa. Bi Kidawa akasema, "Nimewaambia wasimamizi mpaka mate yamenikauka. Wananiuliza, mpishi, hayo umeyasomea wapi? Nikawaambia, kwenye mlango unaokwama. Wakacheka. Kesho Jumapili, wewe nenda dirishani, mimi nitakuwa jikoni na shoka."

Jumapili asubuhi watoto wote walikuwa ndani kwa sababu ya mvua, kila kundi la nyumba moja kwenye safu yake ya vitanda, wakikariri. Mwantumu akaja dirishani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mlima unakuja. Toka."

Akatikisa mkono. Alinitikisia mimi, mama yake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi huku anatikisa. "Mlima si wangu, mama. Nikizungumza nitasimama kona siku tatu. Jana nilisimama."

Hapo nilijua kwamba nikipiga kelele nitampoteza. Alikuwa ameshafundishwa la kufanya akisikia kelele. Nikainama nikachota fumba la udongo uliokuwa unatiririka kutoka juu, nikalipitisha kwenye nondo za dirisha, nikamwekea kiganjani.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Nifinyangie kikombe."

Mtoto huyu alianza kufinyanga kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake. Vidole vikaanza vyenyewe. Akabonyeza katikati kwa dole gumba, akainua ukingo, ukingo ukalala. Akainua tena, ukalala. Maji mekundu yakamtiririka mpaka kwenye kikengele. Akakunja uso, ule uso wake wa nyumbani.

"Umekunywa kupita kiasi," akasema. "Hauwezi kusimama." Kisha akatazama juu, kule udongo ulikotoka. "Mama, wote uko hivi?"

"Wote."

Akageuka, akasema kwa sauti, katikati ya bweni zima: "Mlima umekunywa kupita kiasi!"

Vikengele vikalia kama mbuzi wanaokimbizwa. "Umetoka! Umetoka mlangoni!" watoto wakamzomea. "Kona! Kona!" Lakini msichana mmoja wa safu ya Udongo, mrefu, mwenye makovu ya ndui usoni, akainuka akaja. Akalichukua lile fumba, akalinusa, akalisugua. "Huu ni ule mwekundu unaokaa juu ya mwamba laini," akasema. Akasita. Nilimwona anavuka. "Ukilowa unateleza."

"Kiasi gani?" akauliza mmoja wa Hesabu, na mara akajiziba mdomo.

"Mvua ya juzi ilikuwa vidole vinne," Mwantumu akasema. "Ya jana sita."

"Uliteleza wakati wa bibi yangu," ikasema sauti nyuma kabisa, safu ya Mambo ya Kale. "Mwezi huu huu. Bweni lilikuwa hapa hapa."

Hakuna tena aliyetikisa. Waliangaliana, wazazi wenzangu, watoto waliokaa chumba kimoja miaka mitatu, waliangaliana kama watu wanaofahamiana leo. Halafu wote wakakimbilia mlangoni na mlango haukufunguka.

Bi Kidawa alishafika upande wa nje. Shoka lake liliupasua ubao wa kwanza, wa pili, akaingiza mkono akaanza kuwavuta kama anavyopakua. "Wadogo kwanza! We mrefu, toka njiani! Wadogo nimesema!" Wakubwa waling'oa nondo za dirisha la nyuma kwa kitanda cha chuma, na ni mtoto wa Mwili aliyejua wapi pa kumshika aliyezimia ili asiumie, na wa Hesabu ndiye aliyesimama uwanjani kwenye mvua akihesabu vichwa. Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi. Wawili wakatolewa chini ya kitanda walikojificha kwa woga. Tukapanda mgongo wa pili wa kilima, upande wa jiwe, ambako msichana mrefu alisema kunashika.

Haukuwa mshindo. Ulikuwa kama mtu mzito anayekaa, akashusha pumzi. Mlima ulishuka na miti yake imesimama, ukaingia bwenini kwa upande wa nyuma ukatokea mbele, na paa likaelea juu yake kidogo kabla halijazama. Watoto mia mbili na kumi na wawili walitazama. Wangu nilikuwa nimemshika kwa nguvu mpaka akalia kwamba namuumiza.

Siku ya pili Baraza likakaa. Nilidhani watalia, au watabomoa. Shauri lililoletwa mbele yao lilikuwa hili: watoto wa milango tofauti walizungumza pamoja bila kibali, robo saa nzima, na wakakimbia hatari ambayo haijathibitishwa. Walijadili tangu asubuhi. Profesa Arafa alikuwapo, mtoto wake amempakata, naye hakusema lolote, maana kunena Barazani kwahitaji mlango kati ya ile minane. Bi Kidawa hakuitwa. Shoka lake lilichukuliwa kama kielelezo.

Jioni wakatoa uamuzi, na mkuu wa Sheria aliusoma kwa furaha. Watoto wamesamehewa. Na kwa kuwa imeonekana tope lina nguvu, shauri la miaka sitini na mbili limekwisha. Tope litapewa nyumba yake. Itakuwa na ukuta, mlango na kikengele, na itaitwa Nyumba ya Tope. Watu walipiga makofi. Wengine walifuta machozi. Bwana Mwinjaka akaja mpaka nilipoketi, akainama mbele ya Mwantumu kama mbele ya mtu mzima.

"Baraza linamwomba mtoto huyu awe mwanafunzi wa kwanza," akasema. "Atasomeshwa mpaka mwisho. Siku moja atakuwa mkuu."

Nitawaambia ukweli, kwa sababu bila huo onyo hili halina maana. Nilifurahi. Mimi, niliyetoka kuuona mlima unameza kitanda chake, niliposikia neno mkuu nilihisi joto kifuani. Mtoto wa mfinyanzi. Niliona tayari jinsi nitakavyolitamka neno hilo kwa mwalimu aliyekuwa ananiandikia barua. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Kuna swali moja tu la kuingilia," Bwana Mwinjaka akasema, akatoa kalamu. "Ujibu kwa neno moja, ili tujue pa kuliweka. Tope ni nini?"

Mwantumu akamtazama, akatazama mkasi uliokuwa mezani kwa karani.

"Ndilo lililolala kitandani kwangu," akasema.

Karani akangoja. "Hayo ni maneno manne," akasema. "Na kitanda si..."

Nikainuka. Nilimfungua mwanangu kile kikengele kwa meno, maana fundo lilikuwa limelowa, nikakiweka mezani, tukatoka. Hakuna aliyetuzuia. Nadhani walikuwa wanatafuta ni kazi ya nyumba gani kuzuia watu.

Nimepata habari zao mwezi huu. Nyumba ya Tope imekamilika, nzuri, ya ghorofa, ina kuta nene kuliko zote, na wanaandikisha watoto kuanzia miaka saba. Imejengwa pale pale chini ya kilima, juu ya bweni lililofukiwa. Mahali pa kujenga si pa mlango wao.